Kinanda changu kinachukua karibu dakika tatu kuwaka, je kinakufa?

"Habari za kazi mtaalamu. Nina kinanda, wokstesheni ya kisasa kidogo, nilikinunua kwa mtu kikiwa kimeshatumika. Nilipokipata kilikuwa kinachukua kama dakika moja na nusu mpaka kianze kutoa sauti, sasa hivi kinakaribia tatu. Kinanda changu cha kwanza cha zamani kabisa ukibonyeza swichi tu unapiga. Shida yangu kubwa ni jukwaani, umeme ukikatika hata sekunde moja kinazima halafu bendi nzima inanisubiri mimi. Nimeongeza sauti nyingi sana humo ndani, nyingine ziko kwenye flashi ambayo huwa siichomoi. Tukimaliza kupiga huwa tunazima vyombo vyote kwa pamoja kwenye ekstensheni. Mwenzangu mmoja anasema SSD, yaani diski ya ndani isiyozunguka, imechoka nibadilishe, mwingine anasema nisiwe nakizima kabisa, mwingine anasema nihamie laptopu. Je kinanda kinakufa? Nishike ushauri wa nani?"

Tulia kwanza ndugu yangu. Kwa haya uliyoandika sioni kinanda kinachokufa, naona kinanda kilichojazwa mzigo na kinachozimwa vibaya, na yote mawili yana dawa. Halafu kuna sentensi mbili umezipitisha chapchap kama mambo ya pembeni, ile ya flashi usiyoichomoa na ile ya kuzima kwenye ekstensheni, mimi hizo ndo zilizonishtua kuliko hata hizo dakika tatu.

Ila kabla ya yote tutenganishe mambo. Una matatizo mawili umeyafunga furushi moja. La kwanza ni kinanda kuchelewa kuwaka, la pili ni umeme kukatika katikati ya shoo. Yanaonekana ni kitu kimoja kwa sababu yote yanakukuta umesimama jukwaani huna cha kufanya, lakini dawa zake hazifanani hata kidogo, na hata ukifanikiwa kukirudisha kwenye dakika moja na nusu yako ya zamani, dakika moja na nusu ya ukimya mbele za watu bado ni aibu ileile tu. Nitaanza na kuchelewa maana ndo ulichouliza, ila usiishie njiani, sehemu ya umeme nadhani ndo itakayokuokoa zaidi.

Watu wengi wanalinganisha kinanda cha sasa na cha zamani wanaona cha zamani ndo kilikuwa na akili. Sio hivyo. Cha zamani kiliwaka palepale kwa sababu hakikuwa na cha kupakia. Chukua Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ile haikuwa na rekodi hata moja ya sauti ndani yake, sauti yote ilikuwa inatengenezwa papo hapo kwa hesabu kwenye chipu, umeme ukifika kazi inaanza. Korg M1 iliyotoka 1988 yenyewe ilikuwa na rekodi za vyombo halisi, piano, filimbi, ngoma na kadhalika, lakini zote kwa ujumla wake zilikuwa MB 4. MB 4 aisee, picha moja tu ya simu siku hizi inafika hapo. Na hizo MB 4 zilikuwa zimechomwa moja kwa moja kwenye chipu za ROM, kwa hiyo chipu ya sauti inazisoma humohumo zilipo, hakuna kuhamisha kitu kwenda popote.

Sasa piga hesabu ya piano moja ya leo. Sauti ya stirio yenye ubora wa CD, yaani vipimo 44,100 kwa sekunde na kila kipimo biti 16, inakula baiti 176,400 kila sekunde. Tuseme vitufe 88, kila kitufe kimerekodiwa kwa nguvu 8 tofauti kuanzia mguso mwepesi mpaka kile cha kugonga kwa hasira, kila rekodi sekunde 10. Hizo ni rekodi 704, na ukizidisha unapata GB 1.24 hivi. Piano moja hiyo, hujagusa ogani, hujagusa tarumbeta, hujagusa hizo ulizoongeza wewe.

Kubeba vyote hivyo kwenye RAM ni gharama, kwa hiyo vinanda vingi vya aina yako vinatumia ujanja mmoja. Chukulia RAM ni meza na diski ni kabati. Kinanda kinaweka mezani ule mwanzo tu wa kila rekodi, tuseme nusu sekunde ya kwanza, iliyobaki inakaa kabatini. Ukibonyeza kitufe sauti inatoka mezani papo hapo, na wakati huohuo kinakimbilia kabatini kuchukua inayofuata kabla ile nusu sekunde haijaisha. Wewe husikii kitu, unasikia piano tu. Lakini ule mwanzo lazima uwe mezani kabla hujapiga noti ya kwanza, na kwa piano yetu hiyo nusu sekunde mara rekodi 704 ni kama MB 62 za kuandaliwa kila unapowasha, maana RAM ukizima tu inasahau kila kitu. Zidisha hapo kwa idadi ya sauti kubwa ulizonazo. Ndo unachokisubiri.

Na sio hiyo peke yake. Wokstesheni nyingi za kisasa ni kompyuta iliyovalishwa vitufe vya piano, wala sisemi kwa mafumbo. Korg OASYS ya 2005 na Kronos ya 2011 ndani zinaendesha Linux, ambao ni mfumo wa kompyuta, juu ya prosesa za Intel, na Yamaha Motif XS ya 2007 nayo ilikuwa na Linux ndani. Kronos inafahamika kabisa kwa wanaoitumia kwamba inachukua kama dakika mbili kuwaka, ikiwa mpya kabisa, ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia kinanda kinachochukua dakika mbili ni kibovu muulize ni kinanda gani, maana kwa kingine dakika mbili ni afya njema na kwa kingine kilichozoea sekunde kumi, sekunde arobaini ni dalili mbaya. Dakika zenyewe hazisemi kitu. Kinachosema ni mabadiliko, kwamba kilikuwa hivi sasa kiko hivi, na pia kinakwama hatua ipi.

Hatua zenyewe ziko hivi. Ukibonyeza swichi, pawasaplai, ile sehemu ya ndani inayopokea umeme wa ukutani, inachukua muda mfupi sana kutulia kwenye volti zake, halafu kuna programu ndogo inaamka inakagua memori na kwenda kuutafuta mfumo wenyewe kwenye diski, mara nyingi mfumo umebanwa kwa hiyo lazima ufunguliwe kwanza uwekwe RAM, hapo ndo unaona nembo kwenye skrini. Baada ya hapo unaanza kuvitambua viungo vyake kimoja kimoja, vitufe, mapedali, skrini ya kugusa, matundu ya USB, kisha unaangalia kama mafaili yako salama, kisha ndo injini za sauti zinawashwa na kupakia ule mwanzo wa rekodi niliousema. Mwisho kabisa unasikia kale ka sauti ka tik ndani, hiyo ni rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inafungulia njia ya sauti kwenda nje. Ile imecheleweshwa makusudi ili ule mshtuko wa umeme wa kuwasha usiende kupasua spika zako, kwa hiyo hata usiilaumu.

Turudi kwako. Kinanda kimetoka dakika moja na nusu kwenda karibu tatu. Mtuhumiwa wa kwanza ni sauti ulizoongeza. Vinanda vingi vinavyokubali sampuli za nje, yaani rekodi za sauti unazoongeza mwenyewe, vina orodha ya zile zinazopakiwa zenyewe kila ukiwasha, na ukishaingiza kitu kipya unakiweka humo kwa raha zako halafu unasahau, mwaka mzima kinapakia tarumbeta ulizotumia kwenye wimbo mmoja. Ingia kwenye setingi za jumla uitafute hiyo orodha, toa kila ambacho hukitumii kwenye shoo. Hazifutiki, zinabaki kwenye diski ukizihitaji utazipakia kwa mkono. Kwa uzoefu wangu hapa ndo panaporudisha muda mwingi kuliko pengine popote, na ni bure.

Mtuhumiwa wa pili ni hiyo flashi. Flashi ikiwa imechomekwa, kinanda kikiwaka lazima kiisome, kijue ina nini, na kama ina mafolda ndani ya mafolda, na mamia ya mafaili madogo madogo, na labda nyimbo za MP3 na mapicha ambayo hayahusiki, yote hayo kinayapitia. Mafaili elfu moja madogo yanachelewesha kuliko faili moja kubwa la uzito uleule, kwa sababu kila faili lina kazi yake ya kutafutwa na kufunguliwa. Na kuna vinanda, hasa vya miaka ya nyuma kidogo, tundu lake la USB ni lile la kizazi cha kwanza, USB 1.1, ambalo mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani kwenye makaratasi MB 1.5 kwa sekunde na kiuhalisia chini ya hapo. Ukiweka humo MB 256 za sauti unaongelea karibu dakika tatu kwa bahati nzuri, na hata ununue flashi ya kasi ya ajabu haisaidii kitu, mlango ndo mdogo. Kama kinanda chako kina diski ya ndani, hamishia humo hizo sauti, flashi ibaki ya kutunzia nakala tu na ikae kwenye begi.

Mtuhumiwa wa tatu ndo hilo la ekstensheni, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kinanda kama hicho hakitakiwi kukatiwa umeme ukutani kikiwa kinafanya kazi. Kikiwa kimewaka mara kwa mara kinaandika vitu kwenye diski, mabadiliko ya setingi, ulipoishia, orodha ya mafaili. Ukikizima kwa swichi yake chenyewe kinamaliza kuandika, kinafunga mafaili, ndo kinajizima. Ukikata kwenye ekstensheni unakikata katikati ya sentensi, na safari inayofuata mifumo mingi inagundua kwamba haikufungwa vizuri inaanza kukagua na kujirekebisha kabla ya kuendelea. Huo ukaguzi unaula muda wako, na siku ukiwa na bahati mbaya faili likaharibika kweli, kinanda hakiwaki kabisa au kinawaka kimepoteza kazi zako. Wewe unakatiwa na umeme wa jukwaani halafu ukimaliza shoo unajikatia na mwenyewe. Acha hiyo tabia leo. Kuzima anza na amplifaya na spika, halafu kinanda kwa swichi yake, subiri skrini izime kabisa, ndo uguse ekstensheni. Kuwasha ni kinyume chake, spika za mwisho.

Namna ya kumjua mhalifu hasa ni yupi. Washa kinanda kama kawaida huku unakirekodi skrini kwa simu, video tu ya kawaida, fanya hivyo mara mbili tatu uone kama muda unafanana. Kisha chomoa kila kitu, flashi, waya wa USB wa kompyuta, nyaya za MIDI (zile za kupelekea vyombo vingine habari za vitufe unavyobonyeza), mapedali, kibaki na waya wa umeme na hedifoni, rekodi tena. Muda ukishuka sana hapo umeshampata. Usiposhuka, toa orodha ya kupakia zenyewe, rekodi tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja tafadhali, watu wanabadilisha vitano kwa mpigo halafu kikipona hawajui kilichoponya ni nini. Video nayo ina faida yake, utaona kinakwama wapi. Kikikaa muda mrefu kabla hata nembo haijatokea, hilo ni la umeme au vifaa. Kikikaa kwenye upakiaji wa sauti, ni mzigo wako. Kikikwama kila mara sehemu ileile kwa asilimia ileile, shuku faili moja lililoharibika.

Yote hayo yakishindikana ndo unafikiria kukirudisha kwenye hali ya kiwandani. Sijaiweka mwanzo kwa makusudi, kwa sababu ndo kitu watu wanakimbilia wa kwanza na ndo kinachofuta miaka ya kazi zao. Fanya nakala ya kila kitu kwenye flashi, halafu nenda mbele zaidi, hakikisha hiyo nakala inafunguka, ipakie hata kwa majaribio uone kama sauti zako zimo kweli. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu ni matumaini tu. Apdeti ya mfumo nayo ni nzuri, wakati mwingine kiwanda chenyewe kinapunguza muda wa kuwaka kwenye toleo jipya, ila umeme ukikatika katikati ya apdeti kinanda kinaweza kugeuka ubao, sasa kwa umeme ulionieleza usithubutu bila UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Tuje kwa washauri wako. Wa SSD ana ukweli nusu. Kama ndani bado kuna diski ya kuzunguka, ile ya sahani, kuhamia SSD utaona tofauti kubwa sana, hasa kwenye kuokota mafaili mengi yaliyotawanyika ambayo diski ya sahani inateseka nayo. Lakini kama tayari ni SSD, kuweka nyingine ya kasi zaidi mara nyingi kunakupa sekunde kadhaa tu, kwa sababu kinachosubiriwa sio diski peke yake, ni prosesa inayofungua mfumo, ni injini za sauti kuamka, ni viungo kutambuliwa, na hayo yote SSD mpya haiyaathiri. Tena kwenye kinanda sio kama laptopu kwamba unanunua unapachika, mfumo wenyewe uko kwenye hiyo diski, na wakati mwingine vibali vya sauti ulizonunua vimefungwa na kifaa, ukikosea unaishia na kinanda kisichowaka. Pale ambapo ningekubaliana naye mara moja ni kama unaona dalili za diski kufa, mafaili yanagoma kusomeka, ujumbe wa makosa, sauti zinakatika katikati ya noti ndefu, muda wa kuwaka kila siku ni wake. Hapo badilisha, tena haraka, ila kwa sababu ya usalama wa kazi zako sio kwa sababu ya sekunde.

Anayesema usikizime kabisa, hmm. Kukiacha kinawaka siku nzima ya shoo ni sawa kabisa, hata mimi ndo nafanya hivyo, kikishawashwa kwenye majaribio ya sauti hakizimwi mpaka mwisho. Kukiacha wiki nzima ni kukizeesha bure. Ndani kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, na hizi ni za kimiminika, adui yake ni joto, kanuni ambayo mafundi wanaitumia ni kwamba kila nyuzi 10 za selsiasi zikiongezeka maisha ya kapasita yanapungua nusu. Skrini nayo inachoka, na kila umeme unaporuka usiku kinanda kipo pale kinapokea. Kingine ambacho wengi hawakijui, vinanda vingi vya miaka ya karibuni vina kujizima chenyewe kisipoguswa, kwenye baadhi ya Yamaha ni dakika 30 na kwenye baadhi ya Roland ni saa 4. Ilikuja kwa sheria za Umoja wa Ulaya za kupunguza umeme unaopotea. Kama umewahi kurudi jukwaani baada ya hotuba ndefu ukakuta kinanda kimezima ukalaumu umeme, angalia hiyo setingi kwanza, unaweza kuizima.

Wa laptopu simbezi, ila sababu yake sio nzuri. Laptopu yenyewe inaamka haraka kweli, lakini ukitoka hapo unafungua programu ya muziki, inakagua plagini moja moja, yaani programu ndogo za sauti zilizopachikwa humo, zingine zinataka kuthibitisha leseni kwenye intaneti, halafu unapakia hiyohiyo piano ya GB kadhaa, kabatini mezani ileile. Ukijumlisha yote huenda usiokoe chochote, na umeongeza apdeti zinazojileta zenyewe na nyaya za kukatika. Sababu nzuri ya laptopu ni nyingine ambayo yeye hakuitaja, ina betri. Umeme ukikata laptopu haijui, na saundi kadi inayokula umeme wa USB nayo haijui. Hiyo ni hoja nzito kwa mtu mwenye shida yako. Kama unapenda mambo ya kompyuta na uko tayari kuitenga laptopu ya muziki tu, isiyo na mengine, ni njia halali. Kama unapenda kuwasha na kupiga, baki na kinanda chako.

Maana kwa kweli tatizo lako la jukwaani ni umeme, na dawa ya umeme ni UPS ndogo. Tafuta ile unayoweza kubeba, chomeka kinanda peke yake humo, labda na mikseri ndogo kama mnapigia hiyo. Usiweke amplifaya wala spika za umeme, zitaimaliza betri kwa sekunde na zinaweza kuizidi nguvu. Geuza kinanda nyuma usome lebo kinakula wati ngapi, chagua UPS inayozidi hapo kwa nafasi nzuri, huhitaji ya kukaa saa nzima, dakika tano zinatosha kuvuka kukatika na kurudi kwa umeme au kumaliza wimbo na kuzima kistaarabu. Jaribu nyumbani kwanza, chomoa UPS ukutani ukiwa unapiga usikilize. UPS za bei ya chini zinatoa umeme wenye mawimbi ya ngazi ngazi badala ya kupinda vizuri, vinanda vingi havijali ila vingine vinatoa mvumo kwenye spika, bora ugundue sebuleni. Kama kinanda chako kinatumia adapta ya DC ya nje, zipo UPS ndogo za DC, ila hapo angalia volti iwe ileile, ampea zisipungue, na upande wa chanya na hasi kwenye ile pini ya katikati, vyombo vya muziki havifanani kwenye hilo na ukigeuza unaweza kukiunguza mara moja.

Na siku umeme umekata na UPS huna, usikiache kinanda swichi ikiwa imewashwa kikisubiri umeme urudi. Umeme unaporudi mara nyingi unarudi kwa vishindo, unakata na kuja mara mbili tatu, na kila mara kinanda kinaanza upya kinakatwa katikati ya kuwaka, hapo ndo mafaili yanapoharibika. Zima swichi, subiri umeme utulie nusu dakika hivi, washa mara moja, na usikibonyeze bonyeze kwa hofu. Wakati huo kumbuka vitufe vyake vimekufa pia, havitumi MIDI kwenda popote mpaka kimalize kuwaka, kwa hiyo wale wanaosema utatumia simu kama sauti ya akiba wasikudanganye, simu bila vitufe utapigia wapi. Akiba ya kweli ni kakinanda kadogo ka betri pembeni, hata kenye piano mbaya, kakiwa kameshaunganishwa kwenye mikseri. Au mpiga gitaa mwenye maneno mengi, hiyo nayo imeokoa shoo nyingi.

Sasa lini umwone fundi. Kinanda kikiwaka kikajizima na kuanza upya chenyewe, tena na tena. Kikigoma kuwaka kikiwa cha baridi ila ukikijaribu mara nne tano kikipata joto kinakubali, hiyo ni dalili ya kapasita za pawasaplai kuchoka kabisa na haitajiponya. Kikikwama sehemu tofauti kila siku. Harufu ya kuungua, skrini kufifia, mvumo ambao haukuwepo. Kikisema betri iko chini au kikisahau setingi kila ukizima, ndani kuna betri ndogo ya duara kama ya saa kwenye baadhi ya modeli, na kwenye vinanda vya zamani hiyo ndo inayotunza kumbukumbu zako, kwa hiyo nakala kwanza ndo betri itolewe. Betri hiyo kwa kawaida haicheleweshi kuwaka, nimeitaja kwa sababu wengine watakwambia ndo yenyewe.

Usifungue mwenyewe sehemu ya umeme hata kama una bisibisi na video ya kukuelekeza. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya pawasaplai unafika kama volti 325, na kapasita kubwa inaweza kukaa na huo umeme hata baada ya kuchomoa waya. Ukimpelekea fundi mpe zile video, mwambie muda wa mwanzo na wa sasa, mwambie na hilo la ekstensheni bila aibu, na kabla hujamwachia kinanda hakikisha nakala ya kazi zako umebaki nayo wewe.